Mahindi Yaliyolowa Umande

Jani la muhindi wenye afya halilowi. Litie maji, yatajikusanya kama shanga, yateleze, yadondoke, na jani libaki kavu. Mkulima yeyote wa Unyamwezi anajua hivyo ingawa hajawahi kuulizwa. Mimi sikujua. Nimezaliwa dukani, kwa Waarabu wa Tabora mjini, nikakulia kati ya majora ya vitambaa na magunia ya chumvi, na shamba kwangu lilikuwa kitu cha kuonea dirishani mwa treni. Aliyenifundisha ni Josepha binti Silasi, na alinifundisha akiwa na hasira. Nami ninamsimulia nikiwa na hasira, na anayetaka hadithi ya kusameheana akatafute pengine.

Jina langu ni Nunu binti Thuwaini. Mwaka 1971 nilianza kazi ya kupiga taipu katika kituo kimoja cha utafiti wa kilimo nje kidogo ya mji. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Darwesh, mtafiti, mtu wa Tabora mwenzangu aliyesomea Uganda, mpole hadi anaudhi. Alikuwa akichunguza jambo ambalo mwanzoni niliona ni la watu waliokosa kazi: dawa za kuua magugu hufanya nini kwa mafuta yaliyomo katika majani ya mahindi, mtama na uwele. Siku ya kwanza nilimuuliza kama kweli jani lina mafuta, nikidhani nataniwa.

"Muulize Josepha," akasema.

Josepha aliandikwa kazini kama mwosha vyombo. Kwa kweli alifanya kila kitu isipokuwa kutia sahihi. Alikuwa mfupi, mwenye viganja vipana vya mtu aliyelima tangu utotoni, Mkatoliki wa upande wa Goweko, na alikuwa na moyo wa kuweka kinyongo. Mwuza duka mmoja alimpimia mafuta ya taa yaliyochanganywa maji mwaka 1969. Miaka sita baadaye bado alikuwa akivuka barabara ili asipite mbele ya duka lake. Nilimwambia, "Wewe ungekuwa Mwarabu, tungekuogopa." Akaniambia, "Niogope hivihivi."

Yeye ndiye aliyenionyesha mafuta ya jani. Alichukua jani la muhindi, akalichovya kidogo katika dawa yenye harufu kali ya kupanda kichwani, akalitoa. Dawa ile ilikuwa imevua nta ya juu ya jani, kama unavyomvua mtu koti. Akachota tone la dawa ile kwa kijiti chembamba cha kioo, akaliweka karibu na ukingo wa chini wa bamba la kioo lililopakwa unga mweupe, akalisimamisha bamba ndani ya mtungi wenye dawa nyingine kidogo. Dawa ikapanda taratibu kwenye ule unga, ikibeba mafuta, na kila aina ya mafuta ikashuka kituo chake kama abiria wa treni, nta ikaenda juu kuliko zote. Mwisho akalifungia bamba ndani ya sanduku lenye aidini, na madoa ya rangi ya chai yakatokea.

"Hili la juu ndilo koti," akasema. "Dawa nyingine za magugu humvua muhindi koti lake. Haufi. Unasimama tu, unakunywa maji na kuyapoteza, na jua likikaza unaumbuka."

Nikaona kwamba haikuwa kazi ya watu waliokosa kazi.

Sasa nimseme baba yake. Mzee Silasi alikuwa mjukuu wa mpagazi aliyekwenda Bagamoyo na mzigo kichwani mara tatu na kurudi mara tatu, na katika ukoo wao jambo hilo lilitosha kuwa utajiri. Alikuwa na shamba lake dogo na mke aliyekwisha kufa, na Josepha peke yake. Mwaka 1974 operesheni ya vijiji ilipofika upande wao, alihamishwa pamoja na wengine hadi kijiji kipya kilichoitwa Nguvukazi, karibu na stesheni ya Goweko. Alilalamika siku mbili, kisha akajenga. Hakuwa adui wa mtu. Alichokuwa nacho ni mdomo, na mdomo katika kijiji kipya ni mali ya hatari.

Mwenyekiti wa Nguvukazi aliitwa Modest. Sitasema alikuwa shetani, ingawa ningependa. Alikuwa mkulima wa tumbaku, fundi kwelikweli, mchapakazi, na alipenda sana kuitwa ndugu mwenyekiti. Mwaka ule alipata kwa rafiki yake madebe mawili ya dawa ya kuua nyasi. Akapulizia kwanza kwenye tumbaku yake. Nyasi zikanyauka, tumbaku ikabaki imesimama, majani mapana, haina hata kidoa. Akahitimisha kama ambavyo mkulima yeyote wa tumbaku angehitimisha: dawa hii haigusi zao. Basi Januari akavaa bomba mgongoni na kupulizia shamba la mahindi la kijiji zima, ekari arobaini. Hakujua kwamba muhindi nao ni wa ukoo wa nyasi, na dawa isiyomwonea haya nyasi haitamwonea haya ndugu yake. Aliizimua kwa maji mengi ili itoshe shamba zima, na kwa hiyo mahindi hayakufa.

Mzee Silasi alisema mkutanoni kwamba hajapenda dawa ile. Wakamcheka. Kisha kwa siku kadhaa akawa anaamka alfajiri na kwenda kusimama katikati ya shamba la kijiji, akishikashika majani. Alichokuwa akitazama ni umande. Katika shamba lake mwenyewe, dogo, alilolima upya nyuma ya nyumba yake mpya, umande ulisimama shanga shanga juu ya majani kama desturi. Katika shamba la kijiji ulikuwa umelala, umetanda, majani yamelowa kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Hakuelewa, lakini aliona.

Februari mvua ikakata majuma matatu. Ekari zote arobaini zikajikunja na kukauka, isipokuwa kipande cha bondeni. Shamba la Silasi likastahimili. Modest akasimama mbele ya mkutano akauliza: nani alipinga dawa? Nani alionekana shambani alfajiri, peke yake, akishika majani? Shamba la nani liko kijani? Hakuhitaji kujibu. Waliokuwa wakiogopa njaa walijibu kwa niaba yake. Wengine walisema uchawi, wengine wakasema hujuma, neno la wakati ule. Mgambo wakamfungia mzee wa miaka sitini na mitatu katika ghala la kijiji, juu ya sakafu ya udongo, majuma matatu. Alipotoka alikuwa anakohoa. Josepha alimleta mjini kwa treni, akamlaza hospitali ya Kitete, na kila jioni baada ya kazi alikwenda kumlisha uji.

Aliniambia maneno ya mwisho yenye maana aliyoyasikia kwake. "Majani yamelowa, Josepha. Mahindi hayalowi." Akafa Jumatano, mwanzo wa Aprili.

Nilikwenda mazikoni. Nilichukua treni na kilo tano za sukari, kama tulivyolelewa. Unyamwezini siku ya msiba jembe haligusi shamba. Majirani huacha kazi zao, wanaume huchimba kaburi, na hata aliyegombana na marehemu huja kukaa. Modest alitangaza kwamba siku ile ni siku ya kazi ya kijiji na kila asiyefika ataandikwa jina. Basi wakaenda. Tulisikia majembe yao yakigonga ardhi ng'ambo ya kijito tulipokuwa tumekaa na maiti. Kaburi lilichimbwa na binamu zake wawili waliotoka kijiji kingine, na udongo ulikuwa mgumu kwa sababu ya ule ukame, na saa nane mmoja wao akaishiwa nguvu. Josepha akafunga kanga kiunoni, akaingia shimoni, akachimba. Mwanamke anachimba kaburi la baba yake. Mimi nilisimama pale na sukari yangu, nikiwa nimekasirika hata siwezi kulia.

Alipotoka shimoni alifuta mikono akaniambia, bila kupandisha sauti, "Atasema kwa mdomo wake, palepale alipomsingizia baba, mbele ya walewale."

Kabla hatujarudi mjini alichuma majani katika kipande cha bondeni kilichosalia, na majani mengine katika shamba la baba yake. Akapita pia kwenye banda la tumbaku la Modest, mchana kweupe, akachukua debe moja lililokuwa na dawa kidogo chini. Sikumuuliza kama ni wizi.

Bwana Darwesh alimruhusu kutumia maabara Jumamosi. Tulisimama watatu tukitazama bamba likitoka kwenye aidini. Upande wa majani ya Silasi, doa la juu lilikuwa zito. Upande wa majani ya kijiji lilikuwa hafifu, la kutafuta kwa macho.

"Sasa?" nikasema. "Si ndiyo hayo?"

"Hii inasema nta imepungua," Bwana Darwesh akajibu. "Haisemi imepunguzwa na nini, wala nani alishika bomba. Ukame nao hubadilisha mafuta ya jani."

Nilitamani kumtupia mtungi. Josepha hakukasirika. Alipanda mahindi katika makopo kumi na mawili, akayamwagilia sawasawa, sita akayapulizia dawa ya lile debe kwa kipimo kilekile cha Modest, ambacho kijiji kizima kilikijua, sita akayaacha. Majuma matatu baadaye alivua majani koti tena, na doa la juu likawa hafifu kwa yale sita tu. Akarudia mwezi wa Mei. Akarudia Juni. Bwana Darwesh akasema sasa anaweza kuweka sahihi yake. Nilipiga taipu ripoti ile, kurasa nne, na popote palipohitaji neno "imethibitika" niligonga kwa nguvu hata karatasi ikatoboka.

"Ripoti peke yake hawataisoma," Josepha akasema. "Tutangoja Saba Saba."

Saba Saba ya 1975 Nguvukazi walikuwa na mkutano mkubwa. Wageni walitoka wilayani kuja kuona tumbaku ya Modest, maana tumbaku haikudhurika na ilikuwa sifa ya kijiji. Tulipanda treni mimi na Josepha, kila mmoja wetu na kopo la muhindi mapajani, urefu wa goti. Abiria mmoja aliniuliza kama Waarabu tumeanza kusafirisha ugali ukiwa mbichi. Nilimjibu vibaya, sitarudia hapa.

Modest alihutubia. Alieleza jinsi alivyoleta kilimo cha kisasa. Ulipofika wakati wa maswali Josepha akanyoosha mkono. Watu wakageuka, maana walimjua, na wengi waliangalia chini.

"Ndugu mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, binti Silasi." Hakuweza kukataa mbele ya wageni.

"Tumbaku yako ni nzuri. Nauliza, ulitumia dawa gani ya nyasi?"

Akafurahi. Akaeleza debe, kipimo, namna ya kuzimua.

"Na mahindi ya kijiji yalipata dawa hiyohiyo?"

"Hiyohiyo," akasema, na kifua kikatuna. "Nilipulizia mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Sikumwachia mtu."

Josepha akachukua makopo, akayaweka juu ya meza ya wageni, karibu na bendera. Akaomba maji. Akaelezea kwamba kopo la kulia halikuguswa, na la kushoto limepuliziwa dawa ya mwenyekiti kwa kipimo cha mwenyekiti. Akachota maji kwa kiganja akayanyunyiza juu ya la kulia. Yakawa shanga, yakateleza, yakadondokea kitambaa cha meza. Akanyunyiza juu ya la kushoto. Yakatanda. Jani likalowa, likaning'inia.

Hakuna mkulima pale aliyehitaji kupigiwa taipu. Niliwaona wakiinuka mmoja mmoja, wanakuja mezani, wanachota maji wao wenyewe, wananyunyiza, wanarudi kukaa. Mama mmoja mzee alinyunyiza mara tatu. Kisha Josepha akampa mgeni wa wilaya ile ripoti, akamgeukia Modest.

"Baba yangu alikuwa shambani alfajiri akitazama umande. Aliona mlichokiona sasa. Sema."

Modest alitazama yale makopo. Nimesema hakuwa shetani, na nadhani ni pale tu alipoelewa alichokifanya. Uso wake uliporomoka. Akasema, kwa sauti ya chini, "Mzee Silasi hakuhujumu. Mahindi niliyaua mimi." Mtu wa nyuma akasema hajasikia. Akarudia.

Wengine wangeishia hapo. Wilaya ilimvua uenyekiti, ikaandika kwamba ilikuwa bahati mbaya katika juhudi za kujifunza kilimo bora, akabaki mwanakijiji na tumbaku yake. Josepha aliposomewa maneno hayo alicheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha.

"Baba alikuwa mhujumu," akasema. "Yeye alikuwa anajifunza."

Jumapili iliyofuata alipanda treni hadi Goweko, akaenda misa ya kijijini, akamngoja Modest mlangoni mwa kanisa. Alipotoka na mkewe, Josepha akapiga goti kidogo, kama binti aliyelelewa, akasema kwa sauti safi, "Shikamoo, ndugu mwenyekiti."

Modest akaitikia. Atafanya nini? Shikamoo haikataliwi, hasa mlangoni mwa kanisa.

Jumapili ya pili akafanya vilevile. Na ya tatu. Kila juma nauli ya treni, kila juma goti lilelile, neno lilelile, na cheo kilekile alichonyang'anywa. Hakumtukana, hakumkunjia uso. Katekista alijaribu kuzungumza naye habari za msamaha, akamjibu kwamba yeye anamwamkia mkubwa wake tu, kuna dhambi gani? Watoto wakaanza kucheka kila Modest alipotokea. Modest akajaribu kutokea mlango wa ubavuni, akamkuta huko. Mwaka ulipopita Modest alimfuata mpaka stesheni.

"Josepha, niambie unachotaka. Ng'ombe? Nitamjengea mzee kaburi la saruji. Chochote. Ila usiniamkie tena."

"Sitaki kitu, ndugu mwenyekiti," akasema. "Ninataka uitikie tu. Shikamoo."

"Marahaba," akasema Modest, na machozi yakamtoka, na Josepha akapanda treni.

Oktoba 1976 ikaja barua. Bwana Darwesh alikuwa amempendekeza Josepha kwa mafunzo ya ufundi wa maabara, Morogoro, miaka miwili, na cheti mwisho. Barua ya kumpendekeza niliipiga mimi, safari hii bila kutoboa karatasi. Mwosha vyombo kuwa fundi! Wangapi walipata bahati hiyo? Akaisoma, akaikunja, akairudisha mezani kwangu.

"Miaka miwili, Nunu. Nani atamwamkia?"

Tuligombana siku ile. Nilimwita mpumbavu, nilimwambia Modest amekwisha kumla baba yake na sasa anamla yeye, na yeye ndiye anayempakulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuosha mitungi. Nafasi akapewa kijana wa kituo kingine.

Februari, miezi minne baadaye, Josepha alifika kanisani Goweko akangoja mpaka kanisa likawa tupu. Modest alikuwa amehama Ijumaa, mchana, na mkewe na vyombo vyote juu ya lori la tumbaku. Amekwenda wapi? Hakuna aliyetaka kusema, au hawakujua. Jumatatu alikuja kazini akavunja mitungi miwili, yeye ambaye hakuwahi kuvunja hata mmoja. Nilifikiri, na nakiri kwa aibu, kwamba sasa ameshindwa na atapona.

Sikumjua bado. Alimpata kwa kufuata tumbaku, akiuliza makarani wa mizani mmoja baada ya mwingine, hadi akasikia habari za mgeni hodari katika kijiji kimoja upande wa magharibi, kwenye ile njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji, maili kumi na nane kutoka mjini. Treni haipiti huko. Akaazima baiskeli ya kaka yangu, akatoka Jumapili kabla ya jua kupanda.

Habari hii alinisimulia mwenyewe Jumatatu, tukiwa tumekaa nyuma ya maabara. Alimkuta Modest nje ya kanisa dogo la udongo, anaongea na majirani wapya, amenawiri. Akaegesha baiskeli, akapiga goti, akasema maneno yake. Modest akawa wa rangi ya majivu. Majirani wakauliza, mwenyekiti wa wapi? Josepha akakaa kwenye gogo, akawasimulia yote tangu mwanzo, bomba, ghala, kaburi, na hawakumkatiza.

"Na ulijisikiaje?" nikamuuliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa hekima, unajua ile wanayosema watu, kwamba kisasi ni kitupu.

"Nilifurahi," akasema. "Nilifurahi sana, Nunu. Nikapanda baiskeli, nikawa nakanyaga kwa nguvu, jasho linanitoka, natamani kufika. Nilipofika nusu ya njia ndipo nikagundua kwamba ninaharakisha ili nikamwambie baba."